Acheni Kumhubiria Muuguzi Huruma

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei tunawavalisha wauguzi sare nyeupe, tunawapanga uwanjani, tunawawashia mishumaa na kuwaapisha upya. Mgeni rasmi husimama kivulini akawaambia waliosimama juani kwamba uuguzi si kazi bali ni wito, kwamba wananchi wamechoshwa na lugha chafu, na kwamba serikali haitamvumilia muuguzi asiye na huruma. Wauguzi hupiga makofi. Jioni wale wa zamu ya usiku hurudi wodini, na huko mambo huwa kama yalivyokuwa tarehe 11.

Ninaandika kuipinga hotuba hiyo. Siipingi kwa sababu huruma ni jambo dogo. Naipinga kwa sababu huruma ni jambo kubwa mno kuachwa litegemee moyo wa mtu mmoja saa tisa za usiku, na kwa sababu wanaoihubiri ndio hasa wenye mamlaka ya kuiwezesha, nao wamegundua kwamba kuhubiri hakuna gharama.

Mimi ni mzaliwa wa Nambambo, wilayani Nachingwea. Mwishoni mwa mwaka jana nilikwenda nyumbani, korosho zikiwa bado zinaokotwa, na nilirudi na mambo mawili yaliyoninyima usingizi. Yote mawili yametokea ndani ya ukoo wangu.

La kwanza linamhusu mdogo wangu wa kike. Miaka kadhaa iliyopita alijifungua mtoto wake wa kwanza katika kituo kimoja cha umma ambacho sitakitaja, maana nikikitaja mtadhani ugonjwa huu ni wa kituo kimoja. Alipolia kwa uchungu aliulizwa kama siku alipokuwa akipata raha alikuwa amemwita muuguzi aje ashuhudie. Alipigwa kofi la paja. Alijifungua salama, mtoto mzima, kadi ikaandikwa vizuri kabisa, na katika takwimu za mwezi ule bila shaka alihesabiwa miongoni mwa mafanikio. Mimba ya pili ilipokuja alihudhuria kliniki zote, akapokea vidonge vya kuongeza damu, akakusanya beseni, glavu, khanga na mpira wa kulalia kama alivyoelekezwa. Siku ilipowadia akajifungia nyumbani na bibi mmoja wa jirani. Mtoto yule hakulia. Mama yetu anasema ni mpango wa Mungu. Mimi sijaweza kulisema hilo.

La pili linamhusu binti wa mama yangu mdogo, ambaye kwa mila zetu ni dada yangu kamili. Yeye ni muuguzi katika wilaya nyingine. Alikuwa likizo kama mimi, tukakaa chini ya mkorosho, nami nikamsimulia kisa cha mdogo wetu kwa hasira zote za mtu aliyesoma. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kaka, hata mimi nimewahi kumwambia mtu maneno hayohayo."

Nikanyamaza. Akaendelea kwamba usiku ule alikuwa peke yake. Wanawake wawili walikuwa katika uchungu, mtoto wa mtu mwingine anadegedeka kwenye benchi, umeme umekatika, naye ameishika simu yenye tochi kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Mmoja wa wale wanawake akambana miguu asimkague. "Yalinitoka," alisema. "Jina lake silikumbuka. Uso wake naukumbuka."

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo hotuba za Mei haziliulizi: inakuwaje mwanamke aliyelia msibani kwetu kuliko sisi ndugu wa marehemu awe ndiye anayemtukana mwanamke mwenzake kitandani? Jibu rahisi ni kwamba ana roho mbaya. Jibu rahisi la pili, ambalo hutolewa na baadhi ya watetezi wa watumishi, ni kwamba mshahara wake ni mdogo. Yote mawili nayakataa, na la pili nalikataa kwa nguvu sawa na la kwanza. Hakuna mshahara unaouza haki ya kumpiga mzazi kofi. Kama udogo wa kipato ungekuwa hoja, basi nusu ya Tanzania ingekuwa inawazaba vibao wateja wake.

Tuanze na tunachokijua. Tunao utafiti wetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita watafiti wa Kitanzania na wenzao wa kutoka nje walifanya kazi katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, chini ya mradi ulioitwa Staha. Waliwauliza wanawake waliotoka kujifungua kama walifokewa, kupigwa, kudharauliwa, kuachwa peke yao au kuvuliwa faragha. Walipoulizwa wakiwa bado kituoni, takriban asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa baadaye makwao, wakafika asilimia 28. Tafakari tofauti hiyo, ndugu msomaji. Ukweli ulihitaji kutoka nje ya geti la hospitali kabla ya kufungua mdomo. Ndiyo maana masanduku ya maoni tuliyoyatundika ukutani huwa na buibui tu.

Lakini sehemu ya utafiti ule ninayotaka ikasomwe na kila mkuu wa wilaya ni ile iliyofuata. Baada ya kupima, walijaribu kubadilisha. Hawakuleta mhubiri wala hawakuongeza mishahara. Waliwakalisha pamoja wananchi na watumishi wakaandika upya mkataba wa huduma kwa lugha yao, kisha watumishi wenyewe wakachagua mambo ya kurekebisha. Mambo yenyewe ni madogo kiasi cha kumwaibisha mwanasiasa: mapazia ya kumsitiri anayekaguliwa, kuhamishia mapokezi mahali penye faragha, kubandika kila siku orodha ya vifaa na dawa zilizokwisha, ili mgonjwa asidhani kuwa muuguzi kazificha, kuwauliza wazazi wanapotoka wametendewaje, kumwita faraghani aliyekosea na kuzungumza naye, na chai kwa walio zamuni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kudhalilishwa katika wilaya iliyofanya hivyo ulipungua kwa takriban theluthi mbili, ukilinganisha na wilaya jirani iliyoachwa kama ilivyokuwa.

Wauguzi walikuwa walewale. Mioyo yao haikupasuliwa ikawekwa mingine. Kilichobadilika ni mazingira ambamo moyo unafanya kazi.

Sasa tufanye hesabu ambayo wahubiri wa wito hawaifanyi. Zamu ya usiku ya saa 12 ina dakika 720. Mpe muuguzi mmoja wagonjwa 30, na wanaoijua wodi ya wilaya watakubali kwamba sijazidisha. Kila mgonjwa ana haki ya dakika 24 kwa usiku mzima, kama muuguzi hanywi maji, hajisaidii, hatembei kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na hajazi vitabu vya MTUHA. Halafu mlete mwanamke mwenye uchungu. Patografu inataka mapigo ya moyo ya mtoto tumboni yasikilizwe kila baada ya dakika 30. Wakiwa wanawake watatu, hiyo ni mara sita kwa saa, kabla hujampima mmoja wao shinikizo la damu na kabla mtoto hajatokeza kichwa. Muuguzi wa namna hiyo huanza usiku akiwa tayari ameshindwa, na anajua. Anachochagua ni nani wa kumshindwa kwanza.

Na hapa ndipo ukali unapozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia, alichunguza hospitali kubwa ya London iliyokuwa ikiwapoteza wanafunzi wake wa uuguzi. Alikuta kazi imepangwa kwa namna ya kumzuia muuguzi asimjue mgonjwa. Wagonjwa waliitwa kwa namba ya kitanda na kiungo kinachouma: ini la kitanda cha 10. Wanafunzi walihamishwahamishwa wodi wasimzoee mtu. Menzies hakusema kuwa wauguzi wale walikuwa wabaya. Alisema hospitali nzima ilikuwa imejenga ngao dhidi ya maumivu ya kukaa na wanaoumwa na wanaokufa, na kwamba ngao yenyewe ilikuwa inawaumiza waliojificha nyuma yake. Nenda wodi yoyote ya kwetu leo usikilize: "Yule wa kitanda cha nne kashalipia?" Dada yangu, asiyekumbuka jina bali uso, aliinua ngao hiyohiyo.

Wapo watakaoniambia: mbona zamani masista walikuwa na huruma? Kusini kwetu hoja hii ina uzito, kwa kuwa tumelelewa na hospitali za misheni. Wazee wa Nachingwea na Ruangwa bado wanazitaja Ndanda, Nyangao na Mnero kwa sauti wanayoitumia kutaja watu. Mnero, hapahapa wilayani kwetu, ndipo alipofanya kazi Daktari Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyefika Tanganyika mwaka 1935 akaanzia Lulindi upande wa Masasi, na ambaye baadaye, akiwa raia wa nchi hii, alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Sina nia ya kupunguza heshima ya watu hao. Lakini hebu tuitazame huruma ya sista kama tunavyotazama kitu chochote chenye chanzo. Sista alilala hatua chache kutoka wodini. Chakula chake kilipikwa. Hakuwa na mtoto wa kumpeleka shule, wala kodi ya nyumba, wala daladala ya kupanda usiku. Alipozidiwa alikuwa na wenzake wa kusali nao na mkubwa wa shirika wa kumpumzisha. Aliyempa wito ni Mungu, tukubali hivyo, ila aliyempa nyumba, chakula na mapumziko ni shirika lake. Sisi tulipoirithi huduma hiyo tulichukua neno "wito" tukaliacha shirika.

Jambo hilohilo tumemfanyia Florence Nightingale, ambaye kwa heshima yake tunawasha mishumaa kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820. Tumeichukua taa yake tukazitupa karatasi zake. Mwanamke yule alikuwa mtu wa hesabu, mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu wa Uingereza. Katika hospitali ya jeshi kule Scutari askari waliendelea kufa kwa wingi pamoja na upole wote uliotembea na taa usiku. Vifo vilishuka sana baada ya tume ya usafi kufika mwaka 1855, ikazibua mifereji ya maji machafu na kupitisha hewa wodini. Nightingale aliielewa maana ya hilo, akautumia muda mwingi wa maisha yake yaliyobaki akiwasumbua mawaziri kwa majedwali. Angekuwa mgeni rasmi wetu, nadhani angemnyang'anya waziri kipaza sauti na kumwomba ikama ya wauguzi.

Waingereza wenyewe wamesahau pia, ili tusidhani upofu huu ni wa maskini tu. Katika hospitali ya Stafford, kati ya 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa katika uchafu wao bila maji ya kunywa. Ripoti ya Robert Francis ya mwaka 2013 ilieleza jinsi uongozi ulivyopunguza watumishi ili vitabu vya fedha vipendeze. Lakini tayari mwezi Desemba 2012 wakuu wa uuguzi wa nchi hiyo walikuwa wamezindua kaulimbiu ya maneno sita mazuri, huruma ikiwa mojawapo.

Rudi nyumbani. Sisi watu wa Nachingwea tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na hamasa isiyo na hesabu. Mji wetu ulichorwa na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na hotuba na kuachwa mwaka 1951 kwa sababu mvua na udongo havikusikiliza hotuba. Hata reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa. Leo tunajenga zahanati na vituo vya afya kwa kasi ambayo, nakiri, ni ya kusifiwa. Asilimia ya wanawake wanaojifungulia vituoni imepanda kutoka 63 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 81 katika ule wa 2022. Lakini kila anayeongezeka kitandani anahitaji mikono, na wahitimu wa uuguzi wenye vyeti halali wako mitaani wakisubiri kibali cha ajira ilhali wodi zinawangoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itawaleta wengine zaidi. Tunaita watu karamuni bila kuajiri wapishi, kisha tunamkaripia mpishi mmoja aliyepo kwamba hatabasamu.

Na karipio lenyewe limekuwa tamasha. Sote tumeziona video. Kiongozi anafika kwa ziara ya kushtukiza, kamera nyuma yake, anamsimamisha muuguzi mbele ya wagonjwa, anamhoji kama mwizi wa kuku, wananchi wanashangilia. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48, na wapo watumishi wa afya waliouonja uwezo huo. Je, kiongozi huyo amemfundisha muuguzi nini? Amemfundisha kwamba mwenye cheo akiudhika humdhalilisha aliye chini yake hadharani, bila kumsikiliza. Muuguzi amelielewa somo. Usiku huo atalifundisha kwa mtu pekee aliye chini yake, aliyelala chali na miguu wazi.

Sisemi muuguzi mkatili asiadhibiwe. Nasema nchi hii ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ina Baraza lenye mamlaka juu ya leseni, na ina utaratibu wa kusikiliza pande mbili. Aliyempiga mdogo wangu kofi alistahili kufikishwa huko. Hakufikishwa, kwa kuwa mdogo wangu hakujua kama Baraza lipo, na kwa kuwa kesi ya faili haina picha nzuri kama kesi ya kamera.

Nikiri pia la kwetu walimu. Tunawadai wahitimu wawe na staha wodini baada ya kuwasomesha kwa kejeli darasani. Nimewahi kumsikia mwalimu mwenzangu, katika chuo ambacho nacho sitakitaja, akimwambia mwanafunzi mbele ya wenzake kwamba wazazi wake walipoteza ada. Darasa likacheka. Nami nilitabasamu kidogo, kwa uoga. Hilo nalo ni somo la vitendo, ingawa halimo kwenye mtaala.

Ataniuliza mtu: mbona wapo wauguzi wapole katika hali hizohizo? Wapo, Mungu awabariki. Mimi mwenyewe nimehudumiwa nao. Ila mfumo unaohitaji watakatifu ili ufanye kazi ya kawaida umekwisha kushindwa, na watakatifu wenyewe huchoka mapema, wakahamia miradi yenye magari au wakajifunza kunyamaza.

Basi madiwani wa Nachingwea na Ruangwa watakapoketi kupitisha bajeti, wasiniletee mafunzo ya siku mbili ya "huduma kwa mteja" yenye posho na vitafunwa. Nataka mapazia katika kila chumba cha kujifungulia. Nataka chai usiku kwa walio zamuni, iandikwe kwenye bajeti bila haya. Nataka muuguzi asiachwe peke yake pale penye mzazi, na kama haiwezekani, isemwe waziwazi kwamba haiwezekani na kwa nini. Na nataka ubao mlangoni pa kila wodi, unaoandikwa upya kila jioni: usiku wa leo wagonjwa ni wangapi, wauguzi ni wangapi, na ni nani aliyeidhinisha uwiano huo, kwa jina na cheo. Mwananchi akifokewa ajue pia wa kumfokea.

Hilo la ubao nilimweleza dada yangu siku aliyokuwa akirudi kazini, tukingoja basi. Alicheka, mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo yale. "Kaka," akasema, "waandike na jina la atakayenipokea asubuhi. Mara nyingine hatokei mtu."

Basi likaja, nikampandishia begi lake. Ndani mlikuwa na kilo ya korosho za kubanguliwa kwa ajili ya wenzake wa zamu, na kitambaa cha pazia alichokinunua kwa fedha yake gulioni.